Shikamoo ya Olmotonyi

Tangu mambo yawe ruksa, kila mwenye Landrova hapa Arusha ni kampuni ya utalii, na mimi nimo. Machi moja nikapata mzee mmoja wa Malta. Jamani, mtu katoka kisiwani kwake hadi msitu wa Olmotonyi kumsubiri ndege mdogo ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, mwezi ujao angepita juu ya paa la nyumba yake!

Tulichuchumaa matopeni tangu asubuhi. Nikikohoa, "Shhh!" Nikijikuna, "Shhh!" Jua lilipofika utosini, ndege akatua mbele yetu. Mgeni akainua darubini.

Papo hapo akatokea bibi wa Kiarusha na mzigo wa kuni. Akasimama, akanitazama, akangoja. Sasa mimi nifanyeje? Nina mama aliyenifunza adabu. Nikanong'ona, "Shikamoo, bibi."

"Marahabaaa!" akajibu kwa sauti ya kuita ng'ombe bondeni. "Mama hajambo? Watoto je?"

Ndege huyoo, akaenda zake Malta. Mgeni akanigeuzia uso mwekundu kama nyanya.

"Mnatafuta nini?" bibi akauliza.

"Ndege, bibi."

Akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu, ndege anatafutwa kwa makelele ya shikamoo?"