Vishale Viwili

Taarifa ilitumwa kwenye barua pepe ya marehemu mume wangu, nami niliifungua asubuhi ya siku yenyewe. Kampuni iliyotunza seva yake, kompyuta ya mbali alikohifadhi mambo yake, ingezima mashine zote kuukuu adhuhuri ile na kufuta vilivyomo. Mle ndani mlikuwa na hadithi alizomsimulia binti yetu, tuliyemwita Kasuku kwa maneno yake mengi. Alizirekodi baada ya kiharusi, alipoona sauti nayo inampotea. Nakala nyingine haikuwepo.

Nilimpigia mwenzake wa kazini, fundi ambaye wote tulimwita Paka kwa kushinda mapaani.

"Shemeji, niko juu ya paa la watu, antena mkononi," alisema, upepo ukivuma kwenye simu. "Kompyuta sina. Fanya wewe, mimi nitakuelekeza. Neno lake la siri unalo?"

"Ninalo."

Seva ilikuwa imekatika mtandao, ndiyo maana mafaili hayakushuka nilipojaribu kuyapakua. Ilibaki njia moja: kufungua ukurasa wa kampuni unaoonyesha skrini ya seva yenyewe, kama vile umekaa mbele yake huko iliko, kisha kubonyeza neno Unganisha. Paka alisema ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Nilikaa kwenye kiti cha mume wangu. Mama mkwe alikuja akaketi kitandani nyuma yangu, akawa anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Skrini ilipofunguka niliona vishale viwili, changu kidogo cheusi, na cha seva, kikubwa cheupe. Nikisogeza changu kidogo tu, kile cheupe kinachomoka mpaka ukingoni. Nikikirudisha, kinapitiliza upande wa pili. Nilibonyeza, ikafunguka orodha ya maneno nisiyoyaomba.

"Paka, kinanikimbia!"

"Paka ni mimi, na panya unaye wewe. Mkamate."

"Sitaki utani leo, shemeji."

"Nisamehe. Niambie unaona nini."

Nilimweleza. Herufi zilikuwa kubwa mno, hata dirisha la mtandao halikuenea kwenye skrini. Neno Unganisha lilikatwa chini, likabaki vichwa vya herufi. Lililokuwa wazi, ubavuni mwake, ni Ondoa.

"Toa mkono!" Paka alipiga kelele. "Ukigusa Ondoa, leo hatuunganishi tena. Usibonyeze kitu."

Nilitoa mkono. Nikaukalia.

"Ni marehemu mwenyewe," Paka alisema. "Kasi ya kipanya kaipandisha mpaka mwisho. Vitufe navyo kavigeuza, cha kushoto kimekuwa cha kulia. Lazima virudi vya kawaida, ndipo kishale chako na cha seva viende mwendo mmoja."

Hilo nililielewa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, na wa kushoto, juu ya mto, uliweza kusogea upana wa kidole tu. Kwa upana huo alitaka kuvuka skrini nzima.

"Na herufi?"

"Macho, shemeji. Kwani hakukwambia?"

Hakuniambia. Kila jioni nilimshikia michoro ya Kasuku mbele ya uso, naye akisema, "Huyu ng'ombe kampatia kweli."

Paka aliniambia niache kipanya, nitumie kibodi. Nilisogea kitufe kwa kitufe hadi kwenye mipangilio. Nikashusha kasi. Nikapunguza ukubwa wa herufi mpaka dirisha likaenea na Unganisha likaonekana lote. Nilipofika kwenye kugeuza vitufe, nikasimama.

"Mbona umeacha?" mama mkwe aliuliza.

"Mama, hivi ndivyo mkono wake ulivyoviacha."

"Mkono wake tumeuzika, mwanangu. Mimi nataka sauti."

Nikageuza. Nilipogusa kipanya tena, kishale cheusi kilikaa juu ya cheupe, vikaenda pamoja kama mtu na kivuli chake jua likiwa utosini. Nikabonyeza Unganisha. Mafaili yakaanza kushuka, moja baada ya jingine, polepole mno. La kwanza likamalizika. La pili likafika katikati.

Saa sita kamili, skrini ikawa nyeusi.

"Yameshuka?" Paka aliuliza.

"Imezimwa."

Nilisikia upepo, na chuma kikigonga bati. Kisha akasema, "Nateremka, shemeji. Nakuja hapo."

Faili la pili lilikataa kufunguka. La kwanza halikuwa hadithi, lilikuwa la kujaribia mitambo. Kulisikika pumzi, vitufe vya kipanya vikibonyezwa, kisha yeye, ulimi ukiwa mzito: "Wewe kishale, unakwenda wapi wewe? Rudi. Rudi hapa, mkaidi we!" Akacheka kile kicheko cha upande mmoja wa mdomo. "Kasuku, ngoja baba amkamate huyu kwanza, ndipo tuanze."

Basi, likaishia hapo.

Mama mkwe alikuwa ameshika shati, halikunji wala haliweki. "Rudia," alisema. Nikarudia. Paka alifika akasimama mlangoni, viatu mkononi, hakuingia.

Kasuku alipotoka shule nilimpakata, nikamwekea. Alicheka pale baba yake anapokigombeza kishale. Sauti ilipokatika, akajiegemeza vizuri kifuani kwangu, akisubiri hadithi ianze.