Kuku Wenye Kiu Wasiokunywa

Baba alinitumia ujumbe kupitia Haron, askari wa geti la jirani, mtu wa kijiji chetu. Atakuja kwangu Lavington, Nairobi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, atakula kuku niliyemfuga mwenyewe, si wa kununua, kisha arudi Bungoma jioni hiyo hiyo. "Nijue kama kweli ana kwake," alimwambia Haron. Miaka sita tangu nitoroke na Lazarus, hata salamu hajawahi kuniletea. Kumkosesha kuku mgeni kama huyo, jameni, ni kujimaliza.

Na kuku wangu walikuwa wamebaki mifupa na kelele! Ninawafuga nyuma ya chumba chetu kwa Mzee Chunilal, ambako mimi napika na Lazarus anatunza bustani. Kinyesi chao kilijaa minyoo. Nikaenda duka la dawa za mifugo, Kawangware. Mwuzaji akaniambia niondoe maji jioni, asubuhi niweke maji ya dawa, kwa kiu watayamaliza. Halafu tusile kuku wala mayai kwa siku kumi. Nikaona siku zinatosha.

Asubuhi nikaweka karai la dawa. Kuku wakaliangalia, wakaenda zao kuchakura. Hata tone! Kuku waliolala na kiu! Nikanusa yale maji, nikayaonja mwenyewe, uchungu kidogo tu. Baada ya siku tatu nikarudia, ikawa yale yale. Nikarudi kwa mwuzaji na hasira zangu. Akaniuliza kama nina uhakika ni kuku. Ati kama ni kuku!

Nikamgeukia Lazarus. "Ni wewe unawapa maji. Hutaki baba aje."

"Mimi na kuku wako wapi na wapi?" akasema, akasusa chai yangu.

Nikaanza hata kushuku baba amenifanyia kitu huko nyumbani. Kichwa kilinizunguka mpaka nikatia chumvi mara mbili kwenye dengu ya watu.

Ijumaa jioni, kesho ikiwa ndiyo siku ya baba, nikaondoa maji tena, angalau nimkamate anayewanywesha. Jumamosi nikaamka alfajiri, nikajificha nyuma ya tangi. Kumbe! Mama Vidya, mke wa Chunilal, akatoka, nywele bado mbichi za kuoga, amebeba sufuria ya maji. Nikaruka, nikamshika mkono kabla hajawawekea.

"Mama! Unafanya nini?"

"Mimi hapana kula kabla ya ndege kunywa, Nanjala. Kila siku naweka maji ya ndege pale kwa mti. Halafu naona kuku yako hapana maji, mara mbili, sasa mara tatu. Kwa nini wewe natesa wao?"

Nikamweleza kwamba kiu ni sehemu ya dawa, na kwamba leo baba anakuja kula jogoo.

"Hiyo dawa naua minyoo?"

"Yote, mama."

"Na leo jogoo pia naua?"

Nikauachia mkono wake. Sijui ni nani kati yetu alikuwa amepotea zaidi. Akarudi ndani na sufuria yake.

Tetea mmoja alikuwa amelala ubavu, hawezi kusimama. Lazarus akasema tumchinje jogoo hivyo hivyo, tumwoshe sana. Lakini nilikumbuka yule tuliyemchinja Krismasi, utumbo umejaa minyoo kama tambi. Baba yangu nimpe firigisi, kipande cha heshima, ya kuku kama huyo? Nikaweka karai la dawa. Wakanywa mpaka likakauka, na mimi nikalia, sijui kwa furaha au kwa uchungu.

Baba akafika saa sita. Nikamwekea dengu na chapati. Hakugusa. Jogoo akawika huko nyuma.

"Yule si kuku?"

"Ni kuku, baba. Ana minyoo. Nimempa dawa leo, haliwi mpaka siku kumi." Nikamwaga yote, kiu, karai, Mama Vidya na sufuria, bila mpangilio, hata mimi sikujielewa. Lazarus alitazama viatu vyake.

Baba akainuka. Nikajua basi, ndiyo anaenda. Akavua koti, akalitundika kwenye msumari wa mlango.

"Kwa mkwe silali, mnajua. Haron ana kitanda?"

"Anacho, baba."

"Basi nitangoja hizo siku kumi." Akaketi tena, akakunja mikono ya shati. "Sasa nipe maji ninawe."