Mama Jovin Amesema Haya

...na kidole kimeshafika juu ya jina la mwanawe Jovin, kubonyeza tu na simu itaita huko Arusha, mama yako amekubali, tunahama Jumamosi, lete gari, lakini mjukuu wake Evelyne pale kwenye ngazi ya baraza anamsomea kazi yake ya chuo na hataki kunyamaza, "Babu, sikiliza bwana, kwenye hii hadithi mume anasema tutahama, mkewe Kandida anajibu haya, sasa hii haya maana yake nini?" na Mwalimu Paskasi akamjibu bila kuinua macho, ni kihisishi cha kukubali, tazama kamusi, usichanganye na haya ya aibu, lile ni neno jingine... "Kandida hakuwa na kamusi shambani, Babu, mhadhiri wetu anasema usiulize neno lina maana gani, uliza aliyelisema anafanya nini nalo, kwa nani, wakati gani, huyu anasema haya huku anazidi kupalilia, mtu aliyekubali kuhama anapalilia?" upuuzi, alitaka kusema, miaka thelathini na saba amefundisha maana za maneno, neno upande huu wa ubao, maana upande ule, mstari katikati... lakini jicho limekwenda lenyewe kwa mkewe, pale mkekani, ungo mapajani, anachambua maharage, na yale makubwa yasiyo na doa anayatenga kwenye kopo, ya mbegu, mbegu za shamba lipi, la hapa Bonga, kama Jumamosi hatupo? asubuhi kwenye chai alimwambia, Mama Jovin, tutahama Jumamosi, mtoto anataka tuwe karibu na hospitali, akasema haya, akainuka na kikombe chake kikiwa bado kimejaa... na mwaka ule wa uhamisho wake wa kazi, walipomwacha mama mzazi wa mkewe kule Dareda, alisema haya akiwa amempa mgongo, anakunja kanga, anaikunjua, anaikunja tena kanga ileile, na binti yao Brigita alipotolewa shule ya masista, haya, na yeye akaenda kazini ameridhika kwamba nyumba yake ina amani... "Mke mwenzangu," Evelyne anamtania bibi yake, "wewe ukisema haya ndiyo umekubali?" "Muulize mumeo, si ndiye mwalimu," wakacheka wawili, na yeye akacheka, amechelewa kidogo... lakini kosa haliko kwenye neno la mama huyu, angejibu nini, tutahama, utamwacha, atatolewa, zote sentensi za taarifa, hizo hazisubiri jibu, hilo alilifundisha darasa la tano kila mwaka, na katika miaka hamsini na miwili ya ndoa hakumwachia mkewe hata nafasi moja ya kuweka hapana... kioo cha simu kimezimika chenyewe mkononi, akakiacha, anatafuta sentensi, Mama Jovin, unaonaje, hapana, hilo la mkutano, Mama Jovin, ungependa... na ulimi unakuwa mzito kama wa mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa, kwa sababu maswali yote aliyopata kuuliza maishani majibu yake alikuwa nayo tayari, nyuma ya kitabu cha mwalimu, na hili hana, kweli hana, anaogopa, na maharage yanaanguka kwenye kopo, moja, kisha jingine, na yeye amefungua kinywa...