Jumapili ya Ketrina Mjini Venisi

Daktari alimwambia Memsabu kifua chake kinataka hewa ya bahari, basi mwaka ule wa 1954 akajipatia likizo ya miezi miwili melini, na Ketrina akachukuliwa kwenda kumfulia na kumhudumia. Kabla ya kuondoka Mbozi, Ketrina alisimama barazani kwa Bwana, mume wa Memsabu na mwenye shamba la kahawa, akasema yuko tayari kusafiri, lakini Jumapili ibaki siku yake ya mapumziko kama ilivyo nyumbani. Bwana akacheka, akakubali. Fanueli, mdogo wake Ketrina, aliyekuwa nyapara wa wachuma kahawa, alikuwepo na alisikia kwa masikio yake.

Tangu Dar es Salaam Jumapili mbili zilipita Ketrina akishika pasi. Ya tatu ikawakuta Venisi.

Memsabu alishuka hadi chumba cha chini kabisa, mashine zikinguruma nyuma ya ukuta, akatupa rundo la nguo kitandani.

"Piga pasi yote. Sisi nakwenda tazama mji. Wewe kaa hapa."

"Leo Jumapili, Memsabu."

"Jumapili ya Mbozi nabaki Mbozi," akajibu Memsabu, akaenda zake.

Ketrina aliliangalia lile rundo. Akakunja nguo moja moja, akazipanga kitini, bila pasi. Kisha akavaa gauni lake la kanisani, akafunga kitambaa cheupe kichwani, akapanda juu. Kwenye ngazi ya kushukia, afisa wa meli alikitazama cheti chake cha safari, akamtazama na yeye, halafu akachungulia nyuma yake kama anayemtafuta mwenye mtu huyu. Ketrina akajigusa kifua kwa kidole: mimi. Hakuinamisha macho. Afisa akakohoa, akampisha.

Alizoea kusikia habari za miji iliyojengwa kando ya maji. Huu ulikuwa umeingia majini wenyewe. Majumba ya mawe, mengine ya zamani hata yamepinda, yalisimama kwenye mifereji kama ng'ombe walioingia mto Momba kunywa, kuvu ya kijani imeyafika magotini. Penye njia palikuwa na maji, na penye maji palikuwa na madaraja. Alivuka madaraja kumi na moja, akaacha kuhesabu. Vichochoro vilikuwa vyembamba hata wanawake wawili wenye mizigo ya kuni wasingepishana. Kengele zilipolia aliingia kanisa moja lenye giza na dhahabu, akasimama nyuma. Maneno hakuyaelewa, ila "Amina" aliijua, akaitamka kwa sauti ya Kimbozi mpaka watu wakageuka. Hakujali. Wageuke tu.

Kwenye daraja moja alimkuta mama mzee amekwama na mkokoteni wa mboga, ngazi zimemshinda. Ketrina akausukuma kwa nyuma, mama akavuta kwa mbele, ukavuka. Mama hakutaka kumwachia aende. Akamshika mkono, akamwongoza hadi mlangoni kwake, penye meza ndefu ya mbao walipokuwa wamekaa ndugu zake, akamkalisha na kumwekea sahani.

Ulikuwa ugali. Ugali wa mahindi, mweupe, na samaki wadogo wa kukaanga pembeni. Ketrina alicheka hadi machozi. Akanawa kwenye bomba lililokuwa hapo, akamega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akashikia samaki. Meza yote ikamtazama. Mama mzee akaweka uma wake chini, akajaribu naye. Tonge likasambaratika kwenye aproni yake, wote wakaangua kicheko.

Ndipo Memsabu akatokea kichochoroni na wenzake wawili wa melini. Uso ukamwiva.

"Ketrina! Wewe nafanya nini hapa? Rudi meli sasa hivi!"

Ketrina aliinuka nusu, kwa mazoea. Halafu akakaa tena.

"Ninakula, Memsabu. Leo siku yangu, Bwana alinipa neno lake. Meli itaondoka jioni na mimi nitakuwemo."

"Nasema simama!"

"Nimesikia. Sisimami."

Mama mzee hakujua Kiswahili, ila sauti ya amri haihitaji mkalimani. Akaja akasimama nyuma ya kiti cha Ketrina, mikono kiunoni. Memsabu aliwatazama wenzake, akaona wanatazama pembeni, akageuka na kuondoka. Ketrina alimaliza sahani yake. Kisha akazunguka mji mpaka jua lilipolegea, akapanda meli kabla ya honi ya kwanza.

Njia nzima ya kurudi, Memsabu alimwagiza kwa kidole tu. Walipofika Mbozi, Memsabu akamshtaki kwa Bwana, naye Bwana akawakusanya wachuma kahawa mbele ya baraza.

"Ketrina, mwombe Memsabu radhi hapa, watu wote wasikie. Usipoomba, hakuna kazi na hakuna barua ya sifa ya kukupatia kazi kwingine."

Fanueli akamsogelea. "Dada, nakusihi. Sema tu samahani, ni neno moja. Watanifukuza na mimi."

Lile lilimuuma kuliko yote. Ketrina akamshika mdogo wake begani, akasema kwa sauti ya kutosha baraza zima, "Fanueli, ulikuwepo. Bwana alisema Jumapili ni yangu, au hakusema?"

Wachuma wote wakamgeukia Fanueli. Akamtazama Bwana, akatazama viatu vyake.

"Alisema," akajibu.

Bwana alimfukuza Ketrina papo hapo, bila barua. Fanueli akambakiza kazini, maana mavuno yalikuwa yamepamba moto na nyapara mwingine hakuwapo. Ketrina akachukua sanduku lake, akapita katikati ya wachuma. Mwanamke mmoja akamwuliza kwa Kinyiha, lugha ya kwao, ule mji ukoje.

"Twende njiani," Ketrina akamwambia, "nikusimulie."