Fundi Jicho na Kishikwambi Kipya

Tangu kile kishikwambi kipya kitoke, mtaa mzima uligeuka wahandisi. Kinyozi alisifu kamera yake, muuza magazeti akasifu betri, na wote wawili hawakuwa wamekigusa. Fundi Jicho aliwasikiliza huku ameinamia cherehani, akajifanya hana habari. Kumbe alikuwa anakitaka kuliko wote, na sababu yake hakuthubutu kumwambia mtu, hata mkewe, waliyeshona naye chumba kimoja, mgongo kwa mgongo, huu mwaka wa ishirini na sita.

Sababu ni kwamba macho yalikuwa yamemtupa mkono. Jina la Jicho alilipata ujanani, kwa kuwa alikuwa akimtazama mteja mara moja tu, anakata kitambaa bila kumpima, na nguo inamkaa kama amezaliwa nayo. Fundi mwenye jina kama hilo atasemaje kwamba haoni? Siku hizi kila mteja huja na picha ya mshono kwenye simu, picha yenyewe ndogo kama stempu, naye hutikisa kichwa, "Nimeiona, nimeiona," na anachokiona ni ukungu mtupu. Aliogopa. Siku watakapojua, aliwaza, cherehani yake itabaki ya kupanguswa vumbi. Lakini kishikwambi kina kioo kipana kama sahani; akiwa nacho, picha ataiona na siri itabaki siri.

"Tunakihitaji kwa kazi," alimwambia mkewe asubuhi moja.

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," mkewe akajibu bila kugeuka. "Nenda ukakijaribu kwanza. Kikifaa, ile mashine ya kudarizi tuliyoiwekea akiba itasubiri. Ila kijaribu kwa kazi yetu, baba, usije ukaniletea sifa za kinyozi."

Hilo lilikuwa neno la haki. Jicho akaamua kukijaribu kwa gauni la mwalimu. Mwalimu wa shule ya jirani alikuwa anaolewa keshokutwa, na gauni lake lilikwisha kushonwa, linaning'inia ukutani: rangi ya maziwa, limebana kiunoni, na utepe mwembamba wa rangi ya fedha umekatiza mshazari kutoka begani hadi kwenye nyonga. Picha yake alionyeshwa mlangoni, kwenye simu ya mwalimu, jua likiwaka. Mengine yote aliyabahatisha kwa uzoefu. Utepe peke yake ndio aliouona wazi, tena unang'aa, na kwa sababu hiyo aliupenda kuliko gauni zima.

Dukani, binti wa mauzo alimpokea kama mjomba aliyetoka safari ya mbali. "Karibu, baba! Hiki kina kalamu yake, kinachora, kinapiga picha hata gizani..."

"Hayo mwambie kinyozi, mwanangu. Mimi nionyeshe picha moja tu."

Akampa simu yake, ambamo baadaye mwalimu alikuwa amemtumia ile picha. Binti akaihamisha, na gauni likajaa kioo kizima. Jicho nusura atokwe na machozi. Aliiona kola. Aliviona vifungo, akavihesabu, vikawa kumi na kimoja, sawasawa na alivyobahatisha. Lakini utepe hakuuona.

"Ikuze," akasema. Binti akaikuza. "Zaidi. Zaidi tena." Kifua cha yule mrembo wa pichani kikatanda kioo chote, na mzee mmoja aliyekuwa akipita akageuza uso haraka. Utepe hakuna.

"Mwanangu," Jicho akasema kwa huruma, "mashine yenu mbovu. Inakula utepe."

"Utepe upi, baba?"

"Si ndiyo hayo nasema! Imeula wote."

Akarudi nyumbani kwa hasira na masikitiko. "Hakifai," akamwambia mkewe, na akamsimulia yote. Mkewe akasimamisha cherehani. Akalitazama gauni, akamtazama mumewe, akafungua kinywa, na papo hapo mwalimu akapiga hodi. Alikuja kujaribu gauni lake.

Akalivaa nyuma ya pazia, akatoka, akajigeuza mbele ya kioo. "Fundi, limenikaa! Ila huu utepe umeuongeza mwenyewe?"

"Upo kwenye picha, mwalimu."

"Haupo, fundi."

"Lete simu yako nikuonyeshe."

Akaipokea kama wakili mwenye ushahidi mkononi, akaupitishia utepe kidole, kutoka begani kushuka chini. Kidole kikakwaruzwa. Kioo cha simu kilikuwa kimepasuka kona hadi kona.

Fundi hakosi uongo, na wa kwake ulikuwa tayari ulimini: huo ndio mtindo wa mwaka huu, mwalimu, subiri uone watakavyokuiga. Angeaminiwa. Lakini yule pale alikuwa bibi harusi, na gauni la harusi huvaliwa mara moja.

"Mwalimu," akasema, "nimekushonea ufa wa simu yako. Macho yangu hayaoni tena."

Mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu, akiogopa kuchana mishono. "Ufumue tu, fundi. Nitasubiri hapahapa."

Mke wa fundi akanyanyuka, akalifungua kopo la vifungo, akaingiza mkono mpaka chini, akatoa miwani. "Vaa."

"Ya nani?"

"Yangu. Mwaka wa tatu huu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimwambie Jicho?"

Akaivaa, na chumba kizima kikamsogelea. Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa kile kimto cha pini kando ya cherehani yake. Sindano kumi na mbili zilikuwa zimechomekwa kwa mstari, zote zimetungwa uzi. Kila asubuhi alizikuta hivyo, na kila asubuhi aliamini amezitunga mwenyewe jana yake.

"Ulijua," akasema.

"Mficha maradhi, kilio humfichua. Na wewe ulivyokuwa ukizitukana sindano, nani asingejua? Fumua sasa, mwenzako ana harusi."

Wiki iliyofuata kinyozi alimwuliza kama kile kishikwambi kinafaa kununuliwa. "Kinafaa sana," Jicho akamjibu, "kwa mtu mwenye miwani."

Ya kwake alikuwa ameivaa tangu alfajiri. Aliamka kabla ya mkewe, akakaa kwenye cherehani ya mkewe, akatunga uzi kwenye sindano kumi na mbili na kuzichomeka kwenye kimto chake, moja baada ya nyingine.