Kiti cha Mwanamke Bodini

Wajumbe wa bodi ya benki walikuwa tisa: wanaume wanane na yeye. Alikuwa mwanasheria wa miaka mingi, na mkataba hakuuachia mpaka nukta ya mwisho. Siku ya kumteua, mwenyekiti alimshika mkono mbele ya wapiga picha akasema, "Dada yetu ametuheshimisha."

Jumatatu moja wakakaa kumchagua meneja mkuu. Naibu meneja, mama aliyeanza kazi dirishani kama karani, alikuwa amewaacha wenzake mbali kwenye usaili. Mwenyekiti akampendekeza shemeji yake.

"Naibu ndiye aliyeshinda," mwanasheria alisema. "Mbona tunamruka?"

"Ana watoto wadogo, dada. Tunamwonea huruma."

"Shemeji yako anao wanne."

"Lakini ana mke," mjumbe mmoja akadakia, wakaangua kicheko.

Mwanasheria akamwomba katibu aandike kwamba yeye amepinga. Katibu akaitazama kalamu, akamtazama mwenyekiti, akafunga daftari.

Kikao kilipokwisha, shemeji akiwa amepitishwa, mwanasheria alimfuata mwenyekiti ofisini kwake na barua ya kujiuzulu. Mzee akaisoma taratibu, akamrudishia.

"Wakaguzi wa serikali wanataka kuona mwanamke kwenye bodi," alisema. "Ukiondoka, wiki ijayo namweka binti yangu. Tumeshaongea. Yeye hana maswali mengi."

Mwanasheria aliikunja barua, akawaza. Akibaki, jina lake litapamba uamuzi ambao roho yake imeukataa. Akitoka, atakuwa amewaachia nyumba na ufunguo.

Naibu alikuwa akimsubiri ukumbini.

"Nimesikia, mwenzangu," alisema.

"Nilitaka kuacha."

"Usithubutu. Huku chini tutamlilia nani?"

"Na nikibaki, nitafanya nini?"

"Hata sijui," naibu akajibu, akampigapiga begani, akaenda kumwonyesha bosi mpya ofisi yake.

Mwezi uliofuata, muhtasari wa kikao ukasomwa: wajumbe wote walikuwa wameafiki. Ulipopitishwa mezani ili kila mmoja atie sahihi, mwanasheria akausukuma mbele bila kuugusa kwa kalamu.

"Si kweli. Mimi sikuafiki," alisema.

Mwenyekiti hakukasirika. Alihesabu sahihi kwa kidole, akatabasamu.

"Wanane wanatosha. Ajenda inayofuata."

Kurasa zikafunuliwa. Mwanasheria akabaki kitini, akanyoosha mkono kuomba kusema. Mwenyekiti alikuwa anatazama upande wa pili. Mwanasheria hakuushusha mkono.