Zege Lililolala

Siku hizi kila mtu husema zege halilali, yaani likianza kumwagwa lazima liishe siku hiyohiyo, hata asiyewahi kushika karai. Mimi Elisha, fundi wa ujenzi, zege langu lililala siku tatu.

Ilikuwa mwaka 1993, kijijini kwetu Iramba. Tulikuwa tunamwaga msingi wa ukuta wa kuzuia udongo wa kilima usiporomokee wodi ya wazazi ya zahanati. Tulipofika nusu, habari ikaja kwamba Mzee Leonidas amefariki. Watu wa msaragambo, wanakijiji waliojitolea kufanya kazi, wakaweka sepetu chini palepale. Sikuwalaumu, maana kwetu asiyekwenda msibani atazika wa kwake peke yake. Nami nilikwenda.

Tuliporudi, zege la kwanza lilikuwa jiwe. Nilipaswa kulitindua, kulichonga likwaruzike, kwanza pale lilipoishia, lakini nilikuwa nimechelewa na nina haraka, nikamwaga jipya juu yake hivyo hivyo. Nikajidanganya kwamba saruji ya siku zile, iliyouzwa dukani bila kuomba kibali cha serikali kama zamani, ingeshika tu.

Haikushika. Ukuta ulipofika kiunoni mvua za kwanza zikanyesha, msingi ukaachia pale pale pa kuungia, na ufa ukapanda hadi juu. Ndani ya wodi walikuwemo wazazi wawili na vichanga vyao. Niliogopa kweli.

Ilibidi kubomoa kipande kile na kuita watu upya. Kigumu kilikuwa kueleza sababu, kwa kuwa ningeonekana namlaumu marehemu. Nikaanza kwa mjane wake, Mama Yustina. Nilimwamkia, akaniuliza hali ya mama yangu aliyekuwa mgonjwa kijiji cha bondeni, kisha nikamweleza yote, pamoja na uzembe wangu.

"Siku ya kumwaga nitakaa njiani mimi mwenyewe," akasema. "Habari yoyote itapitia kwangu kwanza."

Siku ikafika. Tulikuwa tumeshafukua msingi na kutindua zege la zamani mpaka kokoto zikatokeza. Tukasugua kwa brashi ya waya, tukaosha, tukachomeka vipande vya nondo kwenye matundu, tukapaka uji wa saruji. Kabla haujakauka tukaanza kumwaga. Mama Yustina alikuwa njiani juu ya kigoda chake. Kama saa tano hivi nilimwona shemeji yangu amefika na baiskeli, wakazungumza, akaketi kando yake. Nikadhani anapumzika, kilima kile hakina huruma.

Karai la mwisho lilipomwagwa, nikawa naosha mwiko. Mama Yustina akaja.

"Zege limelala?"

"Halikulala, mama."

"Basi mama yako ametutoka, Elisha. Ni tangu asubuhi. Shemeji yako nilimzuia mimi. Ukikasirika, nikasirikie mimi."

Nilikasirika, sitaficha. Nilishuka kilima nikilia. Nilipogeuka nikawaona wanakuja wote nyuma yangu, yeye mbele, na sepetu mabegani zikiwa bado na zege bichi. Kaburi la mama lilichimbwa kwa sepetu hizo.